Kupona uraibu wa ngono maana yake nini hasa? Na mtu unaanza kumwambia nani?

KimyaKirefu

Wakuu habari zenu. Hii akaunti nimeifungua leo kwa ajili ya swali hili tu, ile ya kawaida kuna watu wananifahamu, mtanisamehe.

Niende moja kwa moja. Nina miaka 34, nimeoa, nina mtoto mmoja, na kwa zaidi ya miaka 10 nimekuwa mtumwa wa hii kitu. Ilianza na video za kwenye simu, ikaja kuchati usiku kucha na watu nisiowajua, ikafika mpaka kulipia wanawake. Sio kwamba nafurahia, zamani labda, sasa hivi ni kama mtu anayekuna kidonda, unajua kabisa kitatoka damu na bado unakuna. Kuna siku nimejifungia chooni na simu nimeshusha mwanga mpaka mwisho, mtoto anagonga mlango anataka kunionyesha kitu alichochora, namwambia nakuja, nakuja, nakuja. Nilipotoka nikamkuta kalala sakafuni pale pale mlangoni na karatasi yake mkononi. Nikaapa ndio mwisho. Haikupita wiki.

Sasa kilichonileta. Mara hii ya karibuni nilijitahidi nikafikisha siku 41, sikulipia mtu, sikuchati, sikuangalia chochote. Siku ya 42 nimetoka kugombana na bosi, nyumbani hakuna mtu, nikaangalia video kama dakika 20 hivi nikazima. Nikajiambia basi nimeshaharibu, hesabu imerudi sifuri, na kwa kuwa imeshaharibika ikawa kama nimepewa ruhusa. Siku tatu zilizofuata nilifanya mambo ambayo hata kabla ya zile siku 41 sikuwahi kuyafanya.

Ninachouliza, kupona ni nini? Mlevi mambo yake yako wazi, pombe ni pombe, hagusi hata tone. Mimi nina mke, siwezi kuacha tendo kabisa na wala sitaki, sasa mstari wangu unapita wapi? Halafu mnaongea na nani nyie? Marafiki nikiwaambia watacheka, wataniita rijali. Kiongozi wangu wa dini nilimgusia juu juu akaniambia funga na uombe, nikafunga, nikaomba, na usiku huo huo... basi tu.

Chuma_Hakipindi

Mkuu mi sitakubembeleza. Hesabu imerudi sifuri na ndivyo inavyotakiwa, ukianza kujihurumia ndio unajifungulia mlango. Tupa hiyo simjanja chukua simu ya kitochi, mwachie mke password zako zote, lala mapema, fanya mazoezi. Mi niliacha video hivyo hivyo, sikuhitaji kikundi wala mnasihi. Uamuzi tu.

MzeeWaDuara

KimyaKirefu pole, na asante kwa kuandika maana najua ulivyokuwa unaandika hayo ulishafuta mara tatu.

Mimi nina miaka 6 na kitu tangu nilipofanya mara ya mwisho mambo yaliyokuwa yananimaliza. Sikuacha kwa uamuzi tu, na ndugu yangu Chuma simpingi, kama kwake ilitosha heri yake, ila mi niliamua labda mara mia mbili. Kitochi nilinunua. Nikajikuta naomba simu ya mpwa wangu.

Swali lako la mstari unapita wapi ndilo lililonisumbua kuliko yote, na ukweli ni kwamba hata vikundi vyenyewe havina jibu moja. Unajua kuna vikundi vya hatua 12 vya tatizo hili, yaani watu wenye shida moja wanakutana na kusaidiana kupona hatua kwa hatua, vimeiga mfumo wa AA (Alcoholics Anonymous), kikundi cha walevi wanaoacha pombe, ulioanza mwaka 1935. Sasa hao Sexaholics Anonymous wao wana mstari mmoja kwa wanachama wote, hakuna kujichua na hakuna tendo na mtu yeyote nje ya mke au mume wa ndoa, kwisha. Sex Addicts Anonymous, walioanza 1977 kule Minneapolis, hawakupangii, wanakuachia uandike mwenyewe ukishirikiana na mdhamini wako, yaani mtu aliyekutangulia kwenye hiyo safari. Kuna na Sex and Love Addicts Anonymous, hawa ni wa Boston 1976, wao kila mtu anataja mambo yake ya kutorudia tena, na wanapokea mpaka wale ambao shida yao sio tendo bali ni kudandia mahusiano, leo huyu kesho yule, akikosa mtu wa kumpenda anaumwa kabisa. Kwa hiyo mkikutana watu watatu wote wanasema "niko safi", wanaweza kuwa wanaongelea vitu vitatu tofauti. Wengine wanaona huo ni udhaifu. Mi naona ni kwa sababu ngono sio pombe, huwezi kuihamishia nje ya nyumba.

Mimi nilikwenda na njia ya pili, ya maduara matatu. Unachora duara dogo, ndani ya kubwa, ndani ya kubwa zaidi. La ndani kabisa unaandika yale ambayo ukiyafanya umeanguka, hakuna mjadala. La katikati ni utelezi, mambo ambayo yenyewe si kuanguka lakini kila ukianguka ulipitia hapo. La nje ni maisha unayoyataka, yale yanayokurudisha kuwa mtu.

Sasa nikwambie nilivyolichora la kwangu, maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Nilizungushia kalamu kwenye mfuniko, nikajaza lile la ndani vitu 23. Mpaka kumwangalia mwanamke anayepita barabarani niliweka humo. Nikampelekea mdhamini wangu kwa mbwembwe, nadhani atanipongeza, mzee wa watu akasoma taratibu akaniuliza, "Wewe unataka kupona au unataka kufeli kila siku kabla ya saa nne asubuhi?" Tukakaa naye jioni nzima tunafuta. Vilibaki vinne. Vinne tu, lakini ni vile ambavyo kweli vilinipotezea kazi na nusura vinipotezee familia. Vingi vya vile 19 vikahamia katikati. Na duara la katikati ndilo linalofanya kazi siku kwa siku, sio la ndani. La kwangu lina mambo ambayo mtu mwingine akisoma atacheka: kubaki sebuleni na simu baada ya mke kwenda kulala. Kununa bila kusema nimenunia nini. Kuona mtu fulani yupo onlaini na kujiambia namsalimia tu. Kuwa na pesa mfukoni ambayo mke hajui ipo. Nikijikuta nimegusa mawili kati ya hayo siku moja, napiga simu kwa mtu, sisubiri la tatu.

Na tendo na mkeo, hilo halina shida kuwa duara la nje kama wote wawili mnataka. Ila kuna wakati mimi nilikuwa namtumia mke wangu kama nilivyotumia simu, kichwani sipo hata pale chumbani, na hilo tuliliandika katikati baada ya yeye kulisema mwenyewe.

Kuhusu siku 41. Kama video iko kwenye duara lako la ndani basi ndio, tarehe inabadilika, hapo nakubaliana na Chuma. Lakini kubadilisha tarehe ni kazi ya dakika moja, unaandika tarehe mpya basi. Yale uliyojifunza ndani ya siku 41 hayarudi sifuri, bado unayo. Mimi zile dakika 20 hazinitishi, zinazonitisha ni zile siku tatu.

mnasihi_wa_jioni

Nimefanya unasihi wa waraibu muda mrefu, naomba niongeze kuhusu zile siku tatu maana ni kitu kinajulikana. Mwanasaikolojia wa Marekani Alan Marlatt aliliandikia sana jambo hili akiwachunguza walevi: mtu aliyejiwekea sheria ya kutogusa kabisa akigusa kidogo, anajihukumu kwamba yeye ni mtu mbovu, hajasema "nimefanya kosa", na ile aibu inauma kiasi kwamba anakimbilia dawa ile ile anayoijua. Kwa hiyo kilichokuangusha kile cha pili ni aibu zaidi kuliko tamaa. Ndio maana kwenye mpango wa kupona lazima kuwe na ukurasa wa "nikiteleza nafanya nini ndani ya saa moja ijayo". Nani napigia, naondoka wapi, nazima nini. Watu wanaandaa mpango wa kutokuanguka, wa kuinuka hawana.

Kuhusu jina la hii hali, mtaona watu wanabishana kama ni uraibu kweli. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, wameitambua kama tatizo la tabia ya ngono isiyodhibitika, wameiweka kwenye matatizo ya kushindwa kuzuia misukumo, sio kwenye kundi la uraibu. Wamarekani kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili, DSM-5 wa 2013, hawakuiingiza kabisa. Mgonjwa wangu akiniambia ni uraibu mi sibishani naye, jina linalomsaidia kutafuta msaada alitumie. Lakini kuna vitu viwili kwenye ile ICD-11 ambavyo navipenda. Kwanza wanaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia kwa muda mrefu, miezi 6 au zaidi, mpaka afya, kazi, familia vinaharibika na bado anaendelea hata pale asipopata raha. Wewe hapo umejieleza mwenyewe. Pili, wanasema kujisikia vibaya kwa sababu tu unaamini ni dhambi hakutoshi kukupa huo ugonjwa. Nimeshapokea vijana wanaojiita waraibu, ukimchimba unakuta ana hamu ya kawaida kabisa ya umri wake na hofu kubwa.

Halafu kabla ya yote nenda kamwone daktari akusikilize, usiishie kwa watu wa intaneti, hata mimi humu ni mtu wa intaneti tu. Sonona inaweza kujificha hapa. Ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, mtu akiwa juu anaweza kutumia pesa na kulala ovyo na watu kwa wiki mbili halafu anashuka. Kuna hata dawa, zile zinazoongeza kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo, kwa wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, zimewahi kuwaletea watu tabia hizi na walipobadilishiwa na daktari zikapungua. Dawa iliyoidhinishwa kwa tatizo hili hasa hakuna, japo madaktari wengine hutumia dawa za sonona au naltrexone, dawa inayotumika kwa waraibu wa pombe, wakiona inafaa. Kinachosaidia wengi ni tiba ya mazungumzo, kuchunguza wazo lipi linakuja kabla ya kitendo gani.

Na hili naliandikia kila atakayepita hapa: kama msukumo wako unahusisha mtoto, au mtu ambaye hajaridhia, usikae unachora maduara. Jitenge na huyo mtu na utafute mtaalamu leo hii.

MkeWaKwanzaNaWaMwisho

Nimesoma yote nikatulia kidogo ndio najibu maana mimi ni yule mwingine, yule aliyekuwa amelala chumbani.

Kaka KimyaKirefu, huenda mkeo anajua zaidi ya unavyodhani. Mimi sikukuta meseji hata moja. Nilikuta simu tupu. Mtu ana simu miaka miwili histori haina kitu, haina hata utabiri wa hali ya hewa, hapo ndipo nilipojua. Na ile namna ya kuilaza simu kifudifudi kila akiketi, mpaka leo nikisikia mlio ule wa kioo kwenye meza moyo unaruka.

Ninachotaka kukwambia ni namna ya kumwambia. Mume wangu aliniambia saa saba usiku, yote, majina, mara ngapi, wapi, analia, akamaliza akalala usingizi mzito kama mtoto. Mzigo aliutua kwangu. Mi sikulala miezi. Baadaye mnasihi akatuambia kuna utaratibu, anayekiri anaandaa kwanza kwa maandishi na mtu wa kumsaidia, anayeambiwa naye anakuwa na mtu wake pembeni, na anachagua mwenyewe anataka kujua kiasi gani. Sio kuficha, ni kutomwaga.

LAKINI, na hapa naomba mnisikie vizuri nyie wanaume wa maduara, afya haisubiri utaratibu. Umelipia wanawake halafu unalala na mkeo. Nenda kapime, VVU na magonjwa mengine ya zinaa yote, na mpaka upate majibu ya uhakika usimguse, na akiuliza kwa nini usimdanganye. Na kwa kuwa umesema siku tatu za karibuni, kama ni ndani ya saa 72 kuna dawa za kuzuia VVU zinaanza kutumika ndani ya muda huo, kimbia hospitali, usisome hata majibu mengine. Mimi haki yangu ya kujua kuhusu mwili wangu ilicheleweshwa miezi minne kwa sababu mtu alikuwa "anajiandaa". Hilo ndilo lililoniuma kuliko wanawake.

Na sisi pia tuna vikundi vyetu, S-Anon na COSA, ni kwa ajili ya wenza na ndugu. Nilipoingia nilidhani watanifundisha kumchunga, kumbe nilikwenda kujifunza kuacha kuamka saa tisa kukagua simu ya mtu.

MzeeWaDuara

Dada umesema kweli, nilipaswa kuanza na hilo. Nimekubali kosa.

asiye_na_kamera

Wanaume mmejaa kama kawaida lakini wanawake waraibu nasi tupo jamani, ila mwanaume ataitwa rijali, mimi nitaitwa jina ambalo siwezi kuliandika hapa, kwa hiyo tunanyamaza zaidi.

Nijibu tu ile ya unaongea na nani maana naona imepita. Mimi karibu nilipo hapakuwa na mkutano hata mmoja, nikaingia kwenye mikutano ya Zoom, vikundi vyote alivyovitaja mzee vina mikutano ya mtandaoni na ya simu, bure, wanachangia wenye uwezo. Mingi ni ya Kiingereza, ukitafuta kwenye tovuti zao unaona ratiba. Siku ya kwanza nilizima kamera, nikaweka jina la kubuni, nikakaa na kidole juu ya kitufe cha kutoka. Kuna mtu anasoma maandishi ya kufungulia, halafu kila mmoja anasema jina lake la kwanza tu na anaongea dakika tatu nne, na hakuna anayekujibu, hakuna ushauri, hilo lilinishangaza, ni kusikilizwa tu. Mama mmoja mtu mzima kabisa, sauti kama ya bibi yangu, akasimulia jinsi alivyokuwa anajiwekea sababu za kutoka nyumbani usiku, na sababu zilikuwa ni zangu! Mpaka ile ya kusahau chaja. Nililia kamera imezimwa. Mkutano wa tatu ndio nikasema jina langu.

Sharti la kuingia ni moja tu, uwe unataka kuacha. Usipopenda kikundi kimoja jaribu kingine, kuna cha kwanza nilikimbia maana mtu alikuwa anasimulia kwa undani mno, vikundi vizuri vinakataza hiyo.

Na kama bado unaogopa kikundi, tafuta mtu mmoja, lakini usichague rafiki wa kukucheka wala wa kukuhubiria. Mi nilimchagua binamu aliyeacha pombe. Sikumweleza yote. Nilimwambia "nina kitu nahangaika nacho kama wewe ulivyohangaika, nikikupigia saa yoyote usiniulize, niongeleshe tu kitu chochote mpaka nikwambie basi". Msukumo hauna nguvu ya kukaa usiku mzima, unapanda halafu unashuka wenyewe, dakika 20, nusu saa, unachohitaji ni mtu wa kukuvusha hapo. Siri ni kupiga KABLA. Baada ya tendo kila mtu anajua kupiga simu na kulia.

Chuma_Hakipindi

Hii ya kupiga kabla nimeichukua. Nilisema niliacha video, sikusema niliacha vyote.

asiye_na_kamera

@Chuma_Hakipindi inboksi iko wazi ndugu yangu.

KimyaKirefu

Nimerudi, imepita siku ya tano tangu niandike. Yule dada wa saa 72, nilisoma ujumbe wako nikahesabu kwenye vidole, ilikuwa imeshapita karibu siku nne. Nilikwenda hivyo hivyo asubuhi yake. Nesi aliniuliza maswali bila hata kuinua uso, nikashukuru. Vipimo vya kwanza viko sawa ila wamesema ni mapema, nirudi tena kupima. Mke nimemwambia sehemu moja tu, kwamba nilimkosea nje na nimekwenda kupima na tusilale pamoja mpaka majibu ya mwisho, na kwamba yaliyobaki nataka kuyasema tukiwa na mtu wa kutusaidia. Hakupiga kelele. Aliniuliza "tangu lini", nikamwambia miaka, akabeba mto akaenda kulala kwa mtoto. Yuko huko mpaka leo. Mnasihi tumepata wa wiki ijayo, amekubali kuja, sijui kama ni kwa ajili yangu au aje amalize, sijauliza.

Nimeingia mkutano mmoja wa simu, sikusema kitu.

Maduara nimeyachora. La ndani yako matatu: kulipia, kuchati na wageni, video. Laini ya pili nimeikata kwa mkasi. Duara la nje limenisumbua, nilikaa na kalamu muda mrefu sina cha kuandika, mtu wa miaka 34 hajui anapenda nini. Nimeandika kuchora na mtoto, halafu pako wazi.

Swali dogo Mzee. Kupitisha pitisha tu mitandaoni usiku, sitafuti chochote, napitisha tu, niweke wapi?

MzeeWaDuara

Katikati. Andika kwa penseli, mwezi ujao tuangalie tena. Namba yangu nimekutumia inboksi.